Kliniki ya kinywa na tumbo ya Kampemba: wanapapasa kwanza, ndipo wanaandika dawa

Mkazi wa Lubumbashi anayevimba chini ya taya, anayeungua kifua kila anapolala, au aliyekaa na kidonda cha mdomo kisichofunga, kwa kawaida huanza safari yake kwenye duka la dawa la mtaani na kuimalizia hapo hapo. Anapewa amoksisilini na dawa ya maumivu, anapata nafuu ya siku chache, kisha anarudi kununua zile zile. Kliniki ninayoieleza hapa, iliyoko katika komini ya Kampemba, haifuati mwendo huo, na ndiyo sababu nimeona inafaa kuelezwa kwa urefu. Inahudumia sehemu moja tu ya mwili, kuanzia midomo hadi mwanzo wa utumbo mdogo: meno na fizi, ulimi, tezi za mate, koo, umio na tumbo. Daktari wa meno, daktari wa upasuaji wa kinywa na taya ambaye huja kwa siku maalumu, na daktari wa magonjwa ya tumbo wanafanya kazi chini ya paa moja na kuandika katika faili moja la mgonjwa. Jina lake naliacha, kwa kuwa nitaisifu na nitailaumu pia, na lawama zangu nimekwisha kuzifikisha kwa wahusika.

Nilimpeleka kwanza mama yangu mzazi. Kwa muda mrefu alikuwa akivimba upande wa kulia, chini ya taya, kila alipokula, na uvimbe ukipungua wenyewe baada ya saa moja au mbili. Katika kituo kimoja cha afya alikuwa ameambiwa kuwa chanzo ni jino, akang'olewa gego, na uvimbe ukaendelea vile vile. Hapa Kampemba daktari hakuanza na jino wala na picha. Alimuuliza: "Mama, uvimbe huo unakuja kabla ya kula, wakati wa kula, au baada ya kula?" Mama akamjibu: "Dokta, hata sijatia tonge mdomoni. Nikisikia tu harufu ya sombe na kuona bukari imeiva, taya linaanza kujaa na kuuma." Daktari aliandika maneno hayo kwenye faili kama yalivyosemwa, kisha akavaa glavu.

Alichokifanya baadaye sijakiona popote pengine katika mji huu, ingawa hakihitaji mashine yoyote. Kidole kimoja alikiingiza mdomoni, chini ya ulimi, na vidole vya mkono wa pili akaviweka nje, chini ya taya, kisha akavipitisha polepole kutoka nyuma kuja mbele, nyama ikiwa katikati ya mikono yake miwili. Alipofika karibu na meno ya mbele alisimama, akarudi nyuma kidogo, akasimama tena. Akamwomba mama avae glavu na aguse mwenyewe: kulikuwa na kitu kigumu, kidogo, kisichosogea. Halafu alikausha chini ya ulimi kwa gozi, akamdondoshea matone ya limau juu ya ulimi, akamulika. Chini ya ulimi, nyuma tu ya meno ya mbele ya chini, kuna vijitundu viwili ambavyo mate hutokea. Cha kushoto kilitoa mate maangavu mara moja. Cha kulia kilibaki kikavu, mpaka alipoibana tezi kutoka nje, ndipo likatoka tone moja zito lenye rangi ya maziwa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake na nililiona.

Maelezo yake yalikuwa ya kueleweka kwa mtu yeyote. Mtu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate: zilizo mbele ya masikio, zilizo chini ya taya na zilizo chini ya ulimi, na pamoja nazo mamia ya tezi ndogo ndogo zilizotapakaa kwenye mashavu, midomo na kaakaa. Zote kwa pamoja hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mate hayo yana kalisi, na mahali yanapotuama kalisi hiyo huweza kuganda na kuwa jiwe. Takriban mawe 8 kati ya 10 ya tezi za mate hupatikana kwenye tezi ya chini ya taya, kwa sababu mate yake ni mazito zaidi na mfereji wake ni mrefu na unapanda kuelekea juu. Mtu anaposikia harufu ya chakula tezi huanza kufanya kazi, mate hukuta njia imezibwa, tezi hujaa na kuuma. Mama alikuwa ametoa maelezo hayo yote tayari kwa maneno yake ya sombe na bukari, na katika kile kituo cha kwanza hakuna aliyemsikiliza.

Ekografia, yaani picha inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ilithibitisha kile ambacho kidole kilikuwa kimekipata. Kwa kuwa jiwe lilikuwa karibu na mlango wa mfereji, lilitolewa siku ileile aliyokuja daktari wa upasuaji, kwa ganzi ya hapo hapo, mama akiwa macho. Kwanza alipitisha uzi nyuma ya jiwe na kuukaza ili lisiteleze kurudi ndani kwenye tezi, kisha akapasua kidogo juu yake. Lilikuwa la manjano, saizi ya punje ya mchele. Alituambia pia bila kuficha kwamba, kama lingekuwa limekaa ndani ya tezi yenyewe, wasingeligusa hapo. Wangemtuma mama hospitali kubwa, na pengine ingebidi tezi nzima iondolewe, kazi inayofanyika karibu sana na mshipa wa fahamu unaoendesha mdomo wa chini. Kliniki inayotaja mapema mipaka ya uwezo wake inastahili kuaminiwa.

Maelekezo ya nyumbani yalikuwa rahisi: kunywa maji ya kutosha, kunyonya kitu cha uchachu mara kwa mara ili mate yatembee, kusugua tezi kutoka nyuma kuja mbele, na kurudi haraka akipata homa au uvimbe usioshuka. Muuguzi alichukua muda pia kutoa dawa zote za mama kutoka kwenye mfuko wa plastiki na kuzisoma moja baada ya nyingine. Dawa kadhaa za shinikizo la damu, za mzio na za usingizi hupunguza mate, na kinywa kikavu huoza meno haraka na kuota utando mweupe wa fangasi. Watu wengi wenye kinywa kikavu hawahusishi hali hiyo na kidonge wanachokimeza kila asubuhi. Nashauri kila mgonjwa afike na mfuko wake wa dawa, hata kama shida yake inaonekana ni ya jino tu.

Kwenye benchi la kusubiri nilisikia wazazi wakiuliza kuhusu watoto waliovimba mbele ya masikio. Daktari wa meno hutoka mwenyewe kuwaangalia, na akishajiridhisha kuwa ni matubwitubwi hawaandikii antibiotiki, kwa kuwa ni ugonjwa wa virusi. Huwaelekeza kumpa mtoto vinywaji na dawa ya homa, na kumwangalia kwa makini akipata maumivu makali ya kichwa na shingo kukakamaa, au mvulana mkubwa akivimba korodani. Kwa mtu mzima anazingatia zaidi uvimbe mgumu usiouma, unaokua taratibu, hasa ukiambatana na upande wa uso kulegea. Huo hausubiri. Wapo wazazi waliokasirika kwa kuondoka bila antibiotiki. Mimi nahesabu jambo hilo kuwa miongoni mwa sifa kubwa za kliniki hii.

Jambo la usafi naliweka juu kuliko bei, kwa sababu homa ya ini aina ya B hupita kwa urahisi kupitia vyombo vyenye damu visivyosafishwa ipasavyo, na kiti cha meno ni mahali pa damu. Kila koleo na kila kioo hufunguliwa mbele ya mgonjwa kutoka kwenye pakiti yenye alama inayobadilika rangi ikishapita katika mvuke wa otoklavu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vyombo. Niliomba kuonyeshwa mashine hiyo, na muuguzi alinipeleka bila kusita. Inafanya kazi kwa nyuzi 121 au 134, kutegemea vyombo vilivyowekwa. Umeme ulipokatika tukiwa pale, mzunguko uliokuwa haujakamilika ulianzishwa upya tangu mwanzo baada ya jenereta kuwashwa, ingawa wagonjwa walikuwa wanangoja na mmoja wao alilalamika kwa sauti. Anayeishi katika mji huu anajua ni mara ngapi umeme unakatika, na anaweza kujiuliza ni mahali pangapi wanafungua kifuniko na kuendelea na kazi.

Upande wa tumbo niliufahamu kupitia mdogo wangu, dereva wa lori katika barabara ya Kasumbalesa. Maumivu ya mgongo yalimzoesha diklofenaki, ambayo aliinunua bila karatasi ya daktari, na kiungulia alikituliza kwa dawa za kutafuna. Alipoanza kupata kinyesi cheusi chenye kunata, hakumwambia mtu, na mke wake ndiye aliyetupigia simu. Daktari wa tumbo alimuuliza kuhusu dawa za maumivu kabla ya kumuuliza kuhusu chakula, na huo ndio mpangilio sahihi: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza kinga ya utando wa tumbo, na kinyesi cheusi cha namna ile mara nyingi ni damu iliyomeng'enywa. Walipima shinikizo la damu, mapigo ya moyo na kiwango cha hemoglobini kwanza, wakatuambia waziwazi kwamba kama angekuwa na kizunguzungu au shinikizo la chini wangempeleka mara moja kwenye hospitali yenye damu ya kuongezea.

Fibroskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, inaogopwa sana na watu, kwa hiyo naeleza ilivyokuwa. Mgonjwa hufika akiwa hajala tangu usiku. Hupuliziwa dawa ya ganzi kooni, ambayo ni chungu na humfanya ahisi kama hawezi kumeza, ingawa anaweza. Hulala kwa ubavu wa kushoto na kuuma kipande cha plastiki chenye tundu. Muuguzi aliweka mkono begani mwa mdogo wangu na kumwambia neno moja tu kwa utulivu, "Pumua, papa, pumua," mpaka kazi ilipokwisha dakika chache baadaye. Alitokwa na machozi na alijikaza asitapike, lakini hakuumizwa. Kidonda kilionekana mwanzoni mwa utumbo, baada tu ya tumbo.

Daktari alikata vipande vidogo vya utando, akatia kimoja katika jeli ya manjano na kuiweka mezani. Tulipoitwa tena, jeli ilikuwa imegeuka ya waridi. Bakteria waitwao Helicobacter pylori hutoa kimeng'enya kinachovunja yurea na kuzalisha amonia, na amonia hiyo ndiyo inayobadilisha rangi. Kwa njia hiyo hiyo bakteria hawa hujikinga dhidi ya asidi ya tumbo. Waliofungua njia ya maarifa haya ni Barry Marshall na Robin Warren, waliofanya kazi Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo madaktari wengi walivilaumu mawazo na vyakula vikali kwa vidonda vya tumbo. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe na kupata uvimbe wa tumbo, na mwaka 2005 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Miaka mingi baada ya hapo, katika mitaa yetu bado unasikia kila mwenye kidonda akiambiwa aache pilipili na basi.

Mdogo wangu alipewa dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili kwa siku 14, na diklofenaki ikasimamishwa. Daktari alisisitiza asikatize, kwa kuwa dozi zilizokatizwa huwazoesha bakteria dawa, na kwa kuwa maduka yetu huuza vidonge kwa kuhesabu, mtu anaweza kununua vya siku nne na kujiona amepona. Dozi nzima ilitolewa na kliniki yenyewe katika mfuko mmoja, na mpangilio huo nauunga mkono kabisa.

Sasa lawama. Ya kwanza ni nzito. Pale mapokezini, kabla mgonjwa hajamwona daktari, kila anayetaja kiungulia hupendekezewa kipimo cha damu cha bakteria hao, na hukilipia. Kipimo hicho hutafuta chembe za kinga, ambazo hubaki mwilini kwa miezi na hata miaka baada ya bakteria kuondolewa, kwa hiyo hakiwezi kutofautisha mtu mwenye maambukizi leo na aliyeyapata zamani akatibiwa. Kipimo cha kinyesi kinachotafuta bakteria wenyewe kinajibu swali hilo vizuri zaidi, mradi mgonjwa awe ameacha dawa za asidi kwa wiki mbili na antibiotiki kwa wiki nne. Daktari wa tumbo anajua hilo vizuri, na hakulitazama kabisa jibu la damu la mdogo wangu. Kama daktari mwenyewe hakitazami, kipimo hicho hakina haki ya kuuzwa mapokezini. Nimemwambia msimamizi, akakubali kulizungumzia, na nitafuatilia.

Lawama ya pili inatokana na ya kwanza. Baada ya dozi kumalizika ilipaswa kupangwa tarehe ya kurudi, si chini ya wiki nne baadaye, ili kuhakikisha kwamba bakteria wametoka kweli. Haikupangwa mpaka tulipouliza. Kwa mtu aliyewahi kutokwa na damu, hilo halifai kuachwa kwa kumbukumbu ya mgonjwa. Ya tatu ni karatasi za maelekezo, ambazo zimechapishwa kwa Kifaransa pekee, wakati ukumbi mzima unazungumza Kiswahili. Mama yangu alitegemea niliyosikia mimi, na mwingine huenda hana wa kumtegemea.

Narudi kwenye sifa kwa jambo moja ambalo halina faida ya pesa kwa kliniki. Kila asubuhi muuguzi hupita kwenye mabenchi na kuangalia fizi za watoto wadogo, hata waliomsindikiza mtu mwingine. Anatafuta fizi zinazotoka damu, zenye vidonda na harufu mbaya, hasa kwa mtoto aliyekonda au aliyetoka kuugua surua, kwa sababu hivyo ndivyo noma inavyoanza. Ugonjwa huo huwapata hasa watoto wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo, na usipozuiliwa mapema hula shavu na mfupa wa taya kwa muda wa siku chache. Mwanzoni unatibika kwa antibiotiki za kawaida, kusafisha kinywa na chakula bora. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwezi Desemba 2023. Muuguzi huyo anajua pia kumtuma haraka hospitali kubwa mtoto ambaye taya linavimba upesi na meno yanalegea bila kuoza, kwa hofu ya limfoma ya Burkitt, saratani inayokua kwa kasi na ambayo mara nyingi huitikia dawa ikiwahiwa.

Kwa watu wazima sheria yao ni moja: kidonda cha mdomo kilichozidi wiki mbili bila kufunga hukatwa kipande na kupelekwa maabara, na mwenye kuvuta tumbaku pamoja na kunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, hafichwi kwamba viwili hivyo vikikutana huongeza hatari ya saratani ya kinywa na ya umio kuliko kila kimoja peke yake. Majibu ya maabara huchelewa, na ni vyema kuuliza mapema yatachukua muda gani.

Kuhusu bei, imebandikwa ukutani kwa dola na kwa franka, na hatukudaiwa chochote ambacho hakikuwa kwenye karatasi ile. Kumwona daktari ni nafuu. Fibroskopi haikupungua bei ya magunia mawili ya unga wa kilo 25, na kwa familia nyingi huo ni mzigo. Mpira wao ni mmoja, na baada ya kila mgonjwa husuguliwa ndani kwa brashi, hulowekwa katika dawa ya kuua vijidudu na kukaushwa, kwa hiyo huwapokea watu wachache tu kwa siku na miadi hujaa. Anayeshindwa kumeza, anayepungua uzito bila sababu au anayetapika damu aliseme hilo mapokezini mara anapofika, kwa kuwa hao hutangulizwa. Siku za daktari wa upasuaji hubadilika kila mwezi. Zinaandikwa kwenye ubao ulio kando ya lango, na ni bora kupita kuzisoma kabla ya kumleta mgonjwa.